Mjue Trekta kwa Ukoo Wake

  

Leo nataka tuzungumze juu ya trekta. Sitaeleza namna ya kuliendesha, wala kina cha kulima. Nitakusimulia historia ya kiwanda kimoja cha matrekta, tangu mwanzo wake hadi leo. Huenda ukauliza, historia ya kiwanda cha Ulaya inanihusu nini mimi mwenye ekari tatu za mpunga? Nisikilize mpaka mwisho, utaona kwamba inahusu mfuko wako.

Mazungumzo haya yalianzia Kawe, hapa hapa Dar es Salaam. Wiki mbili zilizopita niliitwa na kikundi cha wakulima 18. Wanakaa Kawe, si mbali na viwanja vya Tanganyika Packers, pale palipokuwa na kile kiwanda cha nyama ya kopo. Kawe siku hizi ni nyumba tupu, hakuna pa kulima zaidi ya mchicha wa uani. Mashamba yao ya mpunga yako bonde la Ruvu, na kwa misimu minne wamekuwa wakiweka akiba ili wanunue trekta la kikundi.

Mwenyekiti wao, mzee mmoja mpole, alifungua daftari la hesabu akaniambia, "Bibi shamba, fedha ni hizi hapa. Tumeletewa picha mbili. Trekta moja ni jipya, linang'aa, na bei yake si mbaya, ila jina lake hatujapata kulisikia. La pili ni Massey kuukuu, limeshatumika miaka mingi. Wewe ndiye mtaalamu. Tununue lipi?"

Sikumjibu siku ile. Nilimwomba anipe nafasi. Sababu yake ni aibu yangu mwenyewe, nami leo nitaisema.

Nilipomaliza chuo cha kilimo nilipangiwa kituo mkoa mwingine. Nilikuwa mgeni wa kazi, na kichwa changu kimejaa vitabu. Kikundi kimoja cha kina mama na wazee kikaniuliza swali hilo hilo. Nikatazama karatasi ya trekta moja jipya: nguvu za injini, nzuri, bei, nzuri, rangi, nzuri. Nikawaambia, nunueni. Jina la trekta lile silitaji, wala la aliyeliuza. Lililima vizuri misimu miwili. Msimu wa tatu, mvua zikiwa mlangoni, pampu ya haidroliki ikafa, plau ikawa hainyanyuki. Tulipokwenda kwa muuzaji tukakuta duka limefungwa, na mwenyewe amehama. Kipuri kile hakikupatikana mjini, na hata aliyejua kinaagizwa wapi hatukumpata. Mvua ikanyesha, mashamba yakarudiwa kwa jembe la mkono, na robo tatu ya eneo haikulimwa. Mama mmoja wa kikundi kile aliniambia bila hasira, "Mwanangu, ulitazama trekta, hukutazama wenyewe."

Maneno yale sijayasahau. Basi ndugu mkulima, leo tuwatazame wenyewe. Tutachukua trekta ambalo karibu kila mkulima wa Tanzania amepata kuliona, lile jekundu tunaloliita Massey, yaani Massey Ferguson.

Jina Ferguson ni la mtu. Harry Ferguson alizaliwa mwaka 1884 huko Ireland ya kaskazini, mtoto wa mkulima. Kazi ya shamba la baba yake hakuipenda hata kidogo, alipenda mashine. Tarehe 31 Desemba 1909 alirusha ndege aliyoiunda mwenyewe, akawa mtu wa kwanza kuruka kwa ndege katika Ireland. Baadaye akafungua gereji mjini Belfast.

Mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, chakula kilikuwa haba. Serikali ikamtaka Ferguson azunguke Ireland kuwasaidia wakulima watumie vizuri matrekta yao. Akazunguka pamoja na fundi wake, William Sands. Wakaona kwa macho yao ubaya wa matrekta ya siku zile. Plau ilikuwa ikikokotwa nyuma ya trekta kama mkokoteni nyuma ya ng'ombe. Ilipokwama kwenye jiwe au kisiki, magurudumu ya nyuma yaliendelea kusukuma, plau haitoki, basi pua ya trekta ikainuka juu. Mara nyingine trekta zima lilipinduka na kumwangukia dereva. Watu walikufa. Ili kuzuia hayo, wenye viwanda walitengeneza matrekta mazito sana, nayo yakaugandamiza udongo na kula mafuta mengi.

Ferguson akauliza swali rahisi: kwa nini trekta na plau viwe vitu viwili? Akavifanya kitu kimoja. Aliunganisha plau na trekta kwa mikono mitatu ya chuma, miwili chini na mmoja juu, na nguvu ya mafuta yaliyoshindiliwa, yaani haidroliki, ikawa ndiyo ya kunyanyua na kushusha.

Hebu simama nyuma ya trekta lolote la leo utazame. Mikono ile mitatu utaiona. Plau ikikutana na udongo mgumu hutaka kupinduka kuelekea mbele, na mkono wa juu husukuma trekta. Msukumo ule huipa haidroliki habari kwamba udongo umekuwa mgumu, nayo hunyanyua plau kidogo. Papo hapo uzito wa plau na wa udongo hukaa juu ya magurudumu ya nyuma, yakashika ardhi barabara, na pua ya mbele hukandamizwa chini isiinuke. Kwa hiyo trekta jepesi likaweza kufanya kazi ya trekta zito, na dereva akarudi nyumbani salama.

Hapa niseme neno la tahadhari. Ukitaka kuvuta gogo au gari lililokwama, usifunge mnyororo kwenye kishikizo cha ule mkono wa juu. Funga chini, mahali pa kuvutia palipowekwa na kiwanda. Ukifunga juu unairudisha hatari ile ile iliyokuwapo mwaka 1917, na mpaka leo inaua.

Turudi kwa Ferguson. Fikra alikuwa nayo, kiwanda hakuwa nacho. Hivyo historia yake yote ni ya kutafuta mtu wa kumtengenezea. Kwanza alishirikiana na David Brown wa Uingereza, na tangu 1936 hadi 1939 yakatoka matrekta kama 1,350 tu. Mwaka 1938 alivuka bahari kwenda Marekani kwa tajiri Henry Ford, akaonyesha trekta lake shambani kwa Ford mwenyewe. Ford alipendezwa, wakashikana mikono. Hapakuwa na maandishi. Palikuwa na mkono tu. Kwa mkono ule yakatengenezwa matrekta zaidi ya laki tatu.

Mwaka 1947 Henry Ford akafariki. Mjukuu wake akaondoa mapatano, akaendelea kutengeneza trekta lenye mtambo ule ule wa Ferguson. Ferguson akaenda mahakamani. Kesi ilichukua miaka minne, na mwaka 1952 wakapatana, Ferguson akalipwa dola milioni 9 na robo. Unaona, ndugu mkulima? Hata matajiri wakubwa, bila ya maandishi hufikishana mahakamani. Kikundi chako kisinunue hata jembe bila ya karatasi yenye sahihi.

Wakati huo Ferguson alikwisha kupata kiwanda kingine, mjini Coventry, Uingereza. Wakati wa Vita Kuu ya Pili kiwanda hicho kilitengeneza injini za ndege za kivita. Vita vilipokwisha, kikawa cha matrekta. Tangu 1946 hadi 1956 likatoka trekta dogo la kijivu lililoitwa TE20, na yalitengenezwa zaidi ya 517,000. Uzito wake ulikuwa tani moja na kitu. Fundi wa kawaida aliweza kulifungua na kulifunga. Likasambaa duniani kote.

Mwaka 1953 Ferguson akaungana na Massey-Harris ya Kanada. Hiyo ilikuwa kampuni ya zamani, kwani mzee Daniel Massey alianza kutengeneza zana za shamba mwaka 1847. Baadaye likapatikana jina Massey Ferguson. Ferguson mwenyewe aliondoka baada ya muda mfupi, akafariki mwaka 1960. Lakini kazi iliendelea: likaja MF 35, kisha mwaka 1964 likaja MF 135. Haya wengi wenu mnayajua kwa sura na kwa mlio.

Usidhani mambo yalikuwa mazuri daima. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kampuni ilielemewa na madeni, serikali ya Kanada ikalazimika kuiokoa. Mwaka 1994 ikanunuliwa na kampuni ya Marekani iitwayo AGCO. Na mwishoni mwa mwaka 2002 trekta la mwisho likatoka katika kiwanda cha Coventry, kikafungwa, baada ya kutoa matrekta zaidi ya milioni 3.

Sasa hapa ndipo ninapotaka utege sikio. Kiwanda cha Coventry kimekufa. Mbona Massey kuukuu la mwaka 1970 bado linalima? Ni kwa sababu kiwanda kile kilizaa kabla ya kufa. Kule India, kampuni ya TAFE ya Chennai ilianza kutengeneza Massey tangu miaka ya 1960. Kule Pakistan, kampuni ya Millat ya Lahore ilianza mwaka 1964. Watoto hao wameendelea kutengeneza matrekta ya ukoo ule ule, na vipuri vyake. Ndiyo maana ukienda maduka ya Kariakoo au Gerezani kutafuta sili ya pampu au chujio la mafuta la Massey, unaulizwa, "Unataka ya wapi?" Swali hilo ni baraka kubwa. Fundi naye, hata wa kijijini, alishafungua lililo kama hilo.

Sasa tuje kwetu. Sisi tuna historia chungu ya mashine zisizo na ukoo. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi mkubwa wa karanga huko Kongwa, baadaye Urambo na Nachingwea. Walitaka kulima zaidi ya ekari milioni 3. Matrekta mapya hayakupatikana kwa wingi, vita vilikuwa ndiyo kwanza vimekwisha, hivyo wakanunua mitumba ya jeshi iliyoachwa nje, mengine kutoka Ufilipino. Vingine vilikuwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Makabila ya mashine yalikuwa mengi, vipuri vya hili haviingii kwenye lile, madereva wageni wa kazi, mafundi wachache. Mizizi ya vichaka vya Kongwa na udongo wake, unaokauka ukawa kama tofali, vikamaliza kazi. Katika mwaka ule wa kwanza tu matrekta mengi yalikuwa yamelala chini. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, na zaidi ya pauni milioni 36 zilikuwa zimepotea. Zilikuwa fedha za serikali tajiri. Je, akiba ya watu 18 wa Kawe?

Nasi tulijaribu kuunganisha matrekta yetu wenyewe, tena si mbali sana na Kawe, pale Kibaha. Katika miaka ya 1980 kampuni ya TRAMA iliunganisha matrekta ya Valmet kutoka Finland. Valmet nayo ina historia yake: baada ya vita, mwanzoni mwa miaka ya 1950, kiwanda cha bunduki cha serikali ya Finland kiligeuzwa kikaanza kutengeneza matrekta. Yalikuwa imara, wazee wanayakumbuka. Lakini kuunganisha maana yake kila kipande kinatoka nje na kulipiwa kwa fedha za kigeni, na miaka ile fedha za kigeni zilikuwa adimu. Kazi ile haikudumu.

Baadaye, katika miaka ya 2010, Shirika la Taifa la Maendeleo, NDC, likaleta Kibaha matrekta ya Ursus kutoka Poland, yakaunganishwa katika eneo la TAMCO. Ursus ni kampuni ya zamani, iliyoanzishwa Warsaw mwaka 1893, na miaka ya 1970 ilipata ruhusa ya kutengeneza kwa mfano wa Massey Ferguson. Hata hivyo mwaka 2021 mahakama ya huko Poland ikatangaza kwamba Ursus imefilisika. Wenye matrekta hayo huku kwetu wakabaki na swali la vipuri. Umri mrefu wa kampuni peke yake si dhamana. Hata mzee wa miaka zaidi ya 120 hufa, na msiba wake unafika mpaka shambani kwako.

Sisemi kwamba lazima ununue Massey. Mimi si muuzaji, wala sipewi kitu na mtu. Yako majina mengine mazuri nchini, na lipo jipya ambalo kesho litakuwa na ukoo mkubwa. Ninachosema ni kwamba, ukinunua trekta unaoa katika ukoo. Kabla ya kuoa, uliza. Chukua kalamu uandike maswali haya.

Kwanza, katika wilaya yako yako matrekta mangapi ya jina hilo yanayofanya kazi leo? Yatembelee, zungumza na madereva wake muuzaji akiwa hayupo.

Pili, nenda dukani kabla ya kununua trekta, ukaulize bei ya vitu vinne: chujio la mafuta, sahani ya klachi, pampu ya haidroliki na sili zake. Ukiambiwa "tutakuagizia", uliza inachukua siku ngapi. Mvua haingoji meli.

Tatu, nani fundi? Jina lake, anakaa wapi, ameshafungua mangapi ya aina hiyo?

Nne, kama ni kuukuu, usinunue kwa rangi. Rangi mpya hupakwa siku moja. Nenda na fundi wako, injini ikiwa imelala usiku kucha, uiwashe ikiwa baridi. Funga plau, inyanyue, kisha zima injini utazame. Ikishuka upesi, haidroliki inavuja. Nambari ya injini na karatasi za umiliki zilingane.

Tano, piga hesabu ya kazi. Wenzetu wa Kawe wana ekari 54 kwa jumla. Trekta la kawaida likiwa na plau ya sahani hulima ekari kama sita kwa siku njema. Basi kulima kwao ni siku tisa. Ongeza haro, iwe siku kumi na tano. Zile siku 350 zinazobaki litafanya nini? Kama hamna wateja wa kulimiwa, wala tela la kubebea mizigo, huenda kukodi kukawa nafuu kuliko kununua, au trekta dogo la kusukuma kwa mikono likawatosha. Mwaka jana mlilipa kiasi gani kukodi? Linganisheni na bei ya trekta, mafuta, dereva na matengenezo.

Sita, kabla ya siku ya kununua, wekeni kando fungu la vipuri. Trekta linalomaliza akiba yote siku ya kununuliwa, siku ya kuharibika litakuwa banda la kuku.

Jumamosi ijayo nitarudi Kawe. Nilipokuwa naandika mazungumzo haya, mwenyekiti alinipigia simu. Alisema walikwenda wawili wao kuulizia pampu ya lile trekta jipya. Duka la kwanza hawalijui, la pili hawalijui, la tatu wakaambiwa waache namba. Lile Massey kuukuu nalo walilipeleka kwa fundi, akakuta haidroliki inavuja na karatasi zina jina la mtu mwingine. Wameamua msimu huu wakodi, na daftari la akiba libaki wazi. Nilimwambia, mzee wangu, hapo mmeshalima ekari ya kwanza.

Na wewe mkulima unayesoma maneno haya, kama muuzaji ameshakuletea picha, usimkimbize, mkaribishe. Kisha muulize maswali yale sita, na majibu yaandike mbele yake.

Nakutakia msimu mwema. Kwaherini.